Ligi ya kikapu iliyolegea iimarishwe vipi: maelezo ya mwandika matokeo

Jumamosi moja ya Julai, timu ya vijana wa Ukerewe ilivuka ziwa kuja kucheza na timu ya hapa mjini Mwanza. Walishuka bandarini na mabegi yao, wakala ugali kwa mama lishe, wakafika uwanjani saa nzima kabla ya mechi. Mimi nilikuwa mezani, nimeshaandika majina yao kumi upande wa A wa skoshiti, yaani karatasi ya matokeo. Upande wa B ulibaki mweupe. Wapinzani wao walikuwa wa mwendo wa daladala moja tu kutoka uwanjani, lakini walishafungwa mechi sita, wakaona hata wakishinda ya saba hawafiki popote, wakabaki makwao. Dakika 15 za kusubiri zilipokwisha mwamuzi akapuliza filimbi, nikaandika 20–0. Kapteni wa wale vijana akaja mezani. "Mama, tumeshinda?" Nikamwambia mmeshinda. Akasema, "Mbona hatujagusa mpira?"

Sikuwa na la kumjibu. Waligawana nusu kwa nusu wakacheza wenyewe kwa wenyewe, kisha wakarudi kusubiri meli.

Nimeshika kalamu ya meza kwa misimu 14. Kabla ya hapo nilicheza poinguadi, yule anayepanga mashambulizi, mpaka goti likakataa. Siku za kazi naandika hesabu za duka la nyavu karibu na mwaloni wa Kirumba, soko letu la samaki, na ndiyo maana haya yatakuja kwa namna ya mtu wa hesabu. Nayaandika kwa ajili yako wewe uliyechaguliwa juzi kuwa katibu wa ligi ya mkoa au ya wilaya, umekabidhiwa faili moja, mipira minne na kundi la WhatsApp lenye malalamiko. Unataka ligi yako siku moja iwe ya kulipwa. Mimi pia nataka. Lakini kila badiliko utakalopendekezewa, liulize jambo moja kwanza: litafanya mechi ichezwe, kwa saa iliyoandikwa, na timu zote mbili zikiwa na sababu ya kuitaka? Kama halifanyi hivyo, liweke pembeni hata kama linatoka Marekani.

Hesabu mechi ambazo hazikuchezwa

Kabla ya kikao chochote, chukua skoshiti zote za msimu uliopita uzipange sakafuni katika mafungu matatu: mechi zilizochezwa mpaka filimbi ya mwisho, mechi zilizoamuliwa mezani, na mechi zilizoahirishwa. Kwa mafungu mawili ya mwisho, andika kwa penseli sababu ya kila mechi. Uliza makapteni, usiulize viongozi peke yao.

Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, nilitegemea fungu la "hakuna nauli" ndilo litakuwa kubwa, kwa kuwa ndilo tunaloliimba kila kikao. Halikuwa. Mechi nyingi za mezani zilitokea katika nusu ya pili ya msimu, na karibu zote zilihusu timu za chini ambazo zilishakata tamaa ya kuingia nne bora. Nauli ile ile iliyopatikana mwezi wa kwanza wa msimu ilikosekana mwezi wake wa tatu, kwa sababu hakuna mchezaji anayechangia nauli ya kwenda kufungwa bure.

Hapo ndipo nikaanza kuelewa kwa nini NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, pamoja na fedha zake zote, inahangaika na jambo la jamii hiyo hiyo. Kule timu ya chini haikosi uwanjani, ila hufika haina nia ya kushinda. Sababu ni utaratibu wao wa kuchagua wachezaji wapya: timu dhaifu hupewa nafasi za mwanzo, zipate nguvu. Sisi tuliuona utaratibu huo kwa macho mwaka 2009, Hasheem Thabeet wetu alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Nia yake ni njema. Lakini unapompa zawadi anayeshika mkia, wapo watakaoukimbilia mkia. Tangu 1985 wamekuwa wakipiga bahati nasibu ili wa mwisho asiwe na uhakika wa kuchagua wa kwanza, na kuanzia 2019 wakapunguza zaidi: timu tatu za mwisho kabisa zikawa na nafasi sawa, asilimia 14 kila moja. Mwaka 2021 wakaweka na mchujo mdogo, ambapo timu za nafasi ya saba mpaka ya kumi za kila kanda zinagombania nafasi mbili za mwisho za kuingia mtoano. Timu ya kumi, ambayo zamani ingeshaanza likizo mwezi Machi, sasa ina jambo la kulipigania mwezi Aprili.

Wachezaji wao wanalipwa mamilioni ya dola, wetu wanachangishana nauli ya meli ya Nansio, Ukerewe. Ugonjwa ni mmoja: timu isiyo na cha kupata wala cha kupoteza inaharibu mechi ya mwenzake.

Kalenda kwanza, nyingine zote baadaye

Nitakaa hapa kwa muda mrefu, kwa maana kalenda ndiyo ligi. Nimeona makatibu wanaanza kutafuta jezi na mdhamini kabla hawajajua mechi ya raundi ya nne itachezwa lini.

Sema una timu 10 za wanaume na uwanja mmoja wa saruji usio na taa. Mzunguko mmoja, kila timu ikutane na kila timu mara moja, ni mechi 45 katika raundi 9. Usitumie kichwa kupanga, utakosea. Chukua vizibo kumi vya soda, viandike namba, uvipange safu mbili: juu 1, 2, 3, 4, 5; chini yake 10, 9, 8, 7, 6. Vinavyotazamana wanacheza: 1 na 10, 2 na 9, 3 na 8, 4 na 7, 5 na 6. Hiyo ni raundi ya kwanza. Kizibo namba 1 usikiguse. Vingine tisa vizungushe hatua moja kufuata mwendo wa saa: 10 anapanda juu kando ya 1, wa juu wanasogea kulia, 5 anashuka chini, wa chini wanasogea kushoto. Sasa 1 anakutana na 9, 10 na 8, 2 na 7, 3 na 6, 4 na 5. Zungusha tena mpaka raundi tisa ziishe. Kama timu ni tisa, kizibo cha kumi kinakuwa mapumziko. Namba za vizibo zipatikane kwa kura, makapteni wakiwepo, ili asitokee mtu wa kusema katibu alimpangia ndugu yake ratiba laini.

Sasa angalia mbingu. Kwetu Mwanza, Juni mpaka Septemba ndiyo miezi mikavu, kabla vuli haijaanza Oktoba. Mvua ikinyesha kwenye saruji hakuna mechi, na asikudanganye mtu kwamba uwanja utafagiliwa ukauke, kwa sababu kifundo cha mguu kikishateleza hakirudishwi kwa ufagio. Katika miezi hiyo minne kuna Jumamosi 17 au 18. Hiyo ndiyo mali yako yote. Ligi isiyotosha ndani ya wiki 17 usiianzishe.

Kisha angalia jua. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua letu linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, halibadiliki sana. Mechi ya robo nne za dakika kumi, pamoja na mapumziko na faulo zake, inakula saa moja na nusu. Kwa hiyo siku ina nafasi tatu za mchana: saa 7:30, saa 9:15 na saa 11:00. Ya mwisho inakwisha saa 12:30, nuru bado ipo. Ukichelewa nusu saa kwenye mechi ya kwanza, umeipeleka ya tatu gizani. Ndiyo maana dakika 15 za kanuni ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, lazima uzifuate kwa saa, bila huruma: timu isiyokuwa na wachezaji watano tayari zikipita dakika hizo imepoteza, 20–0, na haipati pointi hata moja. Waeleze wachezaji jambo ambalo wengi hawalijui: katika kikapu anayefungwa uwanjani anapata pointi 1, anayeshinda 2, asiyefika sifuri. Timu iliyocheza mechi zake zote tisa ikafungwa zote ina pointi tisa, na inaweza kuwa juu ya timu iliyoshinda tatu kisha ikatoroka sita. Mwaka tuliolisoma jambo hili kwa sauti kwenye kikao cha makapteni, mmoja alitoa simu akaanza kupiga hesabu pale pale.

Jumamosi na Jumapili zina nafasi sita. Raundi ya wanaume inachukua tano. Ya sita ni ya wanawake, na hapa sitazunguka: iwe ile ya saa 9:15, watu wanapokuwa wamejaa. Miaka yote niliyocheza, mechi yetu ilikuwa ndiyo ya kusogezwa. Wanaume wakichelewa, sisi tunapisha; giza likiingia, "dada zetu mtacheza wiki ijayo". Ligi inayotaka kuitwa ya kulipwa haiwezi kuwafanya wanawake kuwa kifusi cha kuziba mashimo ya ratiba. Viporo vichezwe Jumatano jioni, mechi moja, si zaidi.

Yapo mambo mawili ya kwetu ambayo kitabu cha kanuni hakitakuambia. Kanda ya Ziwa ina Wasabato wengi. Uliza kila timu mapema: kama wachezaji wanne ni Wasabato, timu hiyo usiipange Jumamosi mchana, ipange Jumapili. Hilo peke yake liliondoa mechi kadhaa kwenye fungu langu la mezani. La pili ni maji. Timu ya visiwani au ya mbali icheze Jumamosi na Jumapili mfululizo, raundi mbili kwa safari moja. Mechi tisa zitawaleta mara tano badala ya tisa. Wenyeji watalalamika kwamba ratiba imepinda. Waambie wao hawajawahi kulala bandarini. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, timu za Sengerema na Geita hazipangi tena foleni ya kivuko pale, lakini Ukerewe bado ni meli.

Ipe kila timu mechi ya kuigombania mpaka Septemba

Baada ya raundi tisa, usirudie mzunguko mzima. Mechi 45 nyingine zitakufikisha Oktoba ukiwa na uwanja uliolowa na timu nne zilizotoweka. NBA wana mechi 82 kwa kila timu tangu msimu wa 1967–68, na wingi huo umewaletea tabia ya nyota kupumzishwa, mpaka msimu wa 2023–24 wakaweka sharti kwamba mchezaji anayetaka tuzo kubwa acheze angalau mechi 65. Wao televisheni inawalipa kwa wingi huo. Sisi hatulipwi na mtu kwa mechi ya tatu kati ya timu ya nane na ya tisa.

Mimi napendekeza mpango huu, na tumeujaribu. Kata ligi katikati: tano za juu kundi moja, tano za chini kundi jingine, pointi zinabebwa. Kila kundi linacheza mzunguko mmoja, mechi 10, raundi tano. Zikijumlishwa ni wiki 14. Wa kwanza mpaka wa tatu wa juu wanaingia nusu fainali. Wa nne na wa tano wanacheza mechi moja Jumamosi ya wiki ya 15, na mshindi wake anakutana Jumapili na kinara wa kundi la chini. Atakayeshinda hapo ndiye wa nne katika nusu fainali. Wa mwisho kabisa anacheza na bingwa wa daraja la pili kugombania nafasi ya msimu ujao. Nusu fainali wiki ya 16, fainali wiki ya 17, zote mshindi wa mechi mbili kati ya tatu, ya tatu ikihitajika inachezwa Jumatano.

Tazama kilichotokea. Timu ya sita, ambayo zamani ingekuwa imekwisha, sasa ni ya kwanza ya kundi lake na ina mlango. Timu ya tisa inaogopa mkia. Timu ya tatu haiwezi kulegea kwa sababu ikishuka ya nne inaongezewa mechi mbili za hatari. Msimu wa kwanza tuliopanga hivi, watazamaji wengi kuliko wote niliowahi kuwaona uwanjani kwetu walikuja kwa mechi ya timu ya sita na ya saba. Watoto walipanda ukuta. Meza yetu ilisukumwa mpaka wino ukamwagika kwenye robo ya tatu, na nilifurahi kuiandika upya.

Wapo watakaosema si haki timu ya sita kuipita ya nne kwa mechi moja. Hoja yao ina uzito. Jibu langu ni kwamba ya nne imepewa nafasi mbili za kujiokoa: kwanza ishinde vya kutosha iwe ya tatu, pili ishinde mechi hizo mbili uwanjani.

Timu zikilingana pointi, kumbuka kwamba kikapu hakianzi na tofauti ya vikapu vya msimu mzima kama watu wa mpira wa miguu walivyozoea. Inaangaliwa kwanza nani alimfunga nani katika mechi zao wenyewe. Zikilingana tatu, andika msimamo mdogo wa hizo tatu peke yake. Bandika kanuni hii ukutani mwezi wa sita, ugomvi wa mwezi wa tisa utapungua.

Meza, filimbi na sekunde 24

Kama una fedha za kununua kitu kimoja tu mwaka huu, usinunue jezi. Lipa waamuzi na watu wa meza, kabla ya mechi, mkononi, mbele ya makapteni wote wawili. Mwamuzi anayelipwa na mwenyeji baada ya mechi ameshafikiriwa vibaya hata akichezesha vizuri. Apangwe kwa kura ya Alhamisi, asichezeshe timu ya mtaani kwake, na jina lake litoke pamoja na ratiba.

Watu wengi wanaona kanuni ya sekunde 24, muda ambao timu yenye mpira lazima iwe imeutupa kikapuni, ni anasa ya viwanja vyenye umeme. Sivyo. Hadithi yake ni ya kuokoa ligi. Mwezi Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19–18, kwa kuushika tu mpira wasiutupe. Watu walikuwa wanaondoka uwanjani. Mwaka 1954 Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, akapiga hesabu ambayo mtu wa duka kama mimi anaielewa: mechi nzuri ilikuwa na mitupo kama 60 kwa kila timu, jumla 120, mechi ina dakika 48, yaani sekunde 2,880, gawa kwa 120 upate 24. Msimu ule ule kanuni ikaingia.

Kwetu inafanyika hivi. Mtu mmoja, kazi yake ni hiyo tu, anakaa mezani na simu yenye saa ya kuhesabu. Pembeni yake mwingine ana vibao vitatu vya mbao: 14, 10 na 5. Muda ukifika 10 anainua kibao na kupaza sauti, "Kumi!" Ukifika 5 anainua cha tano. Ikiisha, honi ya baiskeli. Mpira ukigusa ringi na timu iliyotupa ikauokoa yenyewe, hesabu inaanzia 14, siyo 24. Wafanye mazoezi kwenye mechi tatu za kirafiki kabla ya ligi, kwa sababu mkosaji mkubwa ni anayesahau kuanza upya akishangilia kikapu. Kijana wetu wa kwanza wa vibao alikuwa na miaka 16. Sasa ni mwamuzi.

Skoshiti ipigwe picha na itumwe kwenye kundi jioni ile ile, na msimamo utoke kabla ya saa tatu usiku. Matokeo yakikaa mfukoni kwa katibu siku tatu, uvumi unaota miguu.

Mamluki

Ni wachezaji wa kukodiwa kwa mechi kubwa tu. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu dawa yake ni moja: orodha. Kila timu isajili majina yasiyozidi 15, na picha, na usajili ufungwe raundi ya tano. Siku ya mechi ni 12. Anayetoka mkoa mwingine aruhusiwe, maana vijana wetu wanajifunza kwake, lakini wasizidi wawili na wawe wamecheza angalau mechi sita kabla ya mtoano. Kuna mwaka timu moja ilishuka fainali na watu watano ambao mimi, niliyekuwa mezani msimu mzima, sikuwahi kuandika majina yao. Wale vijana walioifikisha fainali walikaa benchi na tracksuti. Wawili waliacha kikapu.

NBA wanazuia tajiri kumeza wengine kwa ukomo wa jumla ya mishahara, waliouanza msimu wa 1984–85 ukiwa dola milioni 3.6 kwa timu. Sisi hatuna mishahara ya kuiwekea ukomo, lakini tuna nafasi 12 za siku ya mechi, na hizo tunaweza kuzilinda. Sharti ninalolipenda kuliko yote: kati ya 12, wawili wawe chini ya miaka 19. Timu isiyo nao icheze na 10. Kila mwaka tunaona vipaji vya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kisha mtoto anamaliza kidato cha nne anapotelea mwaloni kubeba dagaa. Wawili kwa timu 10 ni vijana 20 kila msimu wenye sababu ya kubaki na viatu vyao.

Fedha zisomwe kwa sauti

Nunua daftari gumu. Ukurasa wa kushoto zilizoingia, wa kulia zilizotoka, na kila mwisho wa raundi zisomwe uwanjani mbele ya makapteni, nao watie saini. Ada za timu, viingilio, mchango wa mwenye duka aliyeleta maji, yote. Katika NBA makubaliano ya ligi na wachezaji yanawapa wachezaji takriban nusu ya mapato ya mchezo. Chukua wazo hilo. Kiingilio kikishatoa posho ya waamuzi na meza, kinachobaki kigawanywe sawa kati ya timu mbili zilizocheza, mshindi na aliyefungwa, pale pale. Kitakuwa kidogo. Mara ya kwanza kilitosha nauli ya kurudi tu. Lakini timu iliyopata nauli ya kurudi kutoka mlangoni ilianza yenyewe kuwaita watu waje kutazama.

Mdhamini usimwendee na barua ya kuomba. Mwendee na kalenda iliyotimia na picha za watazamaji, umwambie tarehe, saa na idadi ya mechi zilizochezwa kati ya zilizopangwa. Mwenye duka langu, ambaye hajui faulo ni nini, alikubali kutoa mipira aliponiona nimeandika 64 kati ya 65.

Mkataba wa mchezaji uanze ukurasa mmoja kabla ya kuwa na mshahara: nani anamlipia nauli, nani anampeleka hospitali akiumia, bima ipi, na anaweza kuhama lini. Ukishazoea kutimiza hayo manne, cha tano kiwe fedha.

Ya kuacha kwanza

Utaletewa wazo la kumaliza mechi kwa pointi lengwa badala ya saa, kama NBA walivyofanya kwenye mechi ya nyota mwaka 2020 walipoweka lengo la pointi 24 juu ya za timu iliyokuwa inaongoza, kwa heshima ya hayati Kobe Bryant aliyevaa namba 24. Linapendeza, na kwenye bonanza la Mei jua linapokaribia kuzama tumelitumia likatuokoa. Kwenye ligi usiliweke. Timu yako itakwenda mashindano ya taifa kucheza kwa kanuni za FIBA. Kikapu cha watatu kwa watatu hali kadhalika: kizuri, kiko Olimpiki tangu Tokyo, kinahitaji nusu uwanja na dakika 10. Kiweke Aprili na Mei, siku ambazo mvua imepumzika kidogo, ukitumie kupata wachezaji wapya wa daraja la pili.

Ratiba ya msimu ujao imeshatoka kwenye vizibo. Ukerewe wamepata namba 4. Raundi ya kwanza wanacheza Jumamosi saa 11:00, ili wawe na muda wa kushuka, kula na kunyoosha miguu, na mechi yao ya pili ni Jumapili saa 7:30, wawahi maandalizi ya safari. Wapinzani wao wa Jumamosi ni wale wale waliobaki makwao siku ile. Nimeshampigia simu kapteni wao mara mbili. Amesema watafika saa tisa, na wataleta mpira wa kupashia misuli.